Scotch egg nyepesi ya kutengeneza nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msimu wa pikiniki ukianza Uingereza, kuanzia Mei hivi, maswali kuhusu Scotch egg huwa yanafuatana. Nimeyaweka hapa pamoja, ya jikoni na ya afya. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi kwenye vipimo.

Scotch egg ni kitu gani hasa?

Ni yai la kuchemsha lililovishwa nyama ya kusaga, likapakwa chenga za mkate na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Waingereza huila baridi, imekatwa nusu au robo, na haikosekani kwenye kikapu cha pikiniki kando ya pai za nguruwe na sandwichi za tango.

Aliyekulia Dar es Salaam au Arusha atasema: mbona hii ni egichopu? Ndiyo, ni ndugu wa damu. Egichopu ya mgahawani kwetu mara nyingi ni nyama ya ng'ombe yenye tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, na huliwa na chai. Ya Waingereza ni nyama ya soseji ya nguruwe yenye majani ya seji (sage) na pilipili manga, na hupelekwa bustanini na haradali. Waganda nao wana yao, yai lililovishwa viazi ulaya vilivyopondwa. Kwa hiyo ukijua kutengeneza mojawapo, mikono yako tayari inajua sehemu kubwa ya kazi.

Imetoka Uskoti?

Jina lisikudanganye. Duka la Fortnum & Mason la Piccadilly, London, linadai ndilo lililoibuni mwaka 1738 kwa ajili ya wasafiri wa magari ya farasi, watu waliotaka kitu cha kushika mkononi kisichowachafua. Wengine wanaelekeza kidole India, kwenye nargisi kofta, yai lililofunikwa nyama na kupikwa kwenye mchuzi. Mwaka 1809 mwandishi wa mapishi Maria Rundell aliichapisha katika kitabu chake, na yeye alielekeza iliwe moto, na mchuzi wake. Hilo linaipa nguvu hoja ya India kuliko ya duka, ila mimi si hakimu.

Kisa cha karibuni zaidi kinachekesha. Mwishoni mwa Novemba 2020, wakati wa masharti ya korona, baa za maeneo mengi ya England zilikuwa zinakaribia kufunguliwa kwa sharti kwamba anayetaka pombe aagize na mlo kamili. Waziri George Eustice akaulizwa redioni kama Scotch egg inahesabika kuwa mlo kamili, akajibu kwamba pengine ndiyo. Nchi nzima ikabishana juu ya yai.

Kwa nini ya kawaida inakuwa nzito hivyo?

Si kwa sababu ya yai. Yai la wastani lina takriban kalori 70 na mafuta gramu 5 hivi, halina kosa lolote. Uzito unatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni nyama ya soseji. Sheria ya Uingereza inataka soseji inayoitwa ya nguruwe iwe na angalau asilimia 42 ya nyama, na hata ndani ya hiyo "nyama" mafuta yanaruhusiwa kwa kiwango kikubwa. Kinachobaki ni maji, chenga za ngano na viungo. Ya pili ni unene: za madukani na za baa huvishwa koti la nyama lenye unene wa kidole. Ya tatu ni karai la mafuta. Chenga za mkate hunywa mafuta, na hunywa zaidi kama hayajapata moto vya kutosha.

Ukijua hizo tatu umeshapata mpango. Nyama isiyo na mafuta mengi, koti jembamba, oveni badala ya karai. Kila mtu anaweza kuyafanya hayo matatu. Kazi ni kuhakikisha kwamba baada ya kuyafanya, watu bado watataka kuila. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yanaleta unyevu, rangi na sehemu kubwa ya ladha. Ukiyaondoa bila kuweka kitu mahali pake, utapata yai lililofungwa ndani ya kadibodi. Majibu mengi hapa chini ni juu ya kuziba hilo pengo.

Nyepesi kwa kiasi gani, kwa hesabu?

Kwa vipimo vyangu hapa chini, moja inafika takriban kalori 240 na mafuta gramu 11, karibu nusu yake yakiwa ya yai lenyewe. Ya nyumbani ya mtindo wa zamani, yenye gramu 60 au 70 za nyama ya soseji na kukaangwa, inavuka mafuta gramu 25 bila shida. Kwa hiyo mafuta yanapungua zaidi ya nusu, kalori si kwa kiwango hicho, kwa sababu yai na mkate vipo palepale. Anayekuahidi Scotch egg ya kalori 100 ama ameondoa yai ama anatumia la kwale.

Vipimo tafadhali.

Kwa Scotch egg 6:

- mayai 6 ya wastani, na moja zaidi la kupakia
- nyama ya kusaga ya bata mzinga au kuku gramu 350
- oti vijiko 2 vya mezani
- nusu ya tufaha, limekwaruzwa na juisi yake
- kitunguu maji kidogo 1, kimekwaruzwa na kukamuliwa
- haradali kijiko 1 cha chai
- majani ya seji yaliyokatwakatwa kijiko 1 cha mezani, au taimu kavu kijiko 1 cha chai
- kungumanga ya kukwaruza, kidogo tu
- pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai
- unga wa ngano vijiko 2 vya mezani
- chenga kavu za mkate gramu 60 (slesi tatu za mkate wa jana zinatosha)
- mafuta ya kupikia kijiko 1 cha mezani, basi

Chemsha na kumenya mayai. Changanya nyama na vyote kuanzia oti hadi chumvi, iache kwenye friji robo saa. Kaanga chenga na yale mafuta hadi ziwe rangi ya asali. Vingirisha mayai kwenye unga, yavishe nyama, yapitishe kwenye unga tena, kisha kwenye yai lililopigwa, kisha kwenye chenga. Weka friji nusu saa. Oka kwa nyuzi 200, yaani gesi namba 6, au 180 kama oveni yako ina feni, kwa dakika 22 hadi 25.

Hiyo ndiyo ramani. Penye kona nimeeleza zaidi chini.

Nyama ipi ni bora?

Ya mapaja ya bata mzinga, nikipewa nafasi ya kuchagua. Supermaketi za Uingereza huuza ya kusaga ikiwa imeandikwa asilimia ya mafuta: ile ya asilimia 2 ni ya kifua na hukauka, ile ya 5 hadi 7 ina unyevu wa kutosha. Ukisaga mwenyewe mapaja ya kuku bila ngozi, unafika hapohapo kwa bei ndogo zaidi.

Nguruwe haijakatazwa kwa anayekula. Nunua nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi badala ya nyama ya soseji, weka viungo mwenyewe, utapata ladha ileile ya Kiingereza kwa nusu ya mafuta. Ng'ombe inawezekana pia ila inakuwa ngumu ikipoa, na hii ni ya kuliwa baridi; ndiyo maana egichopu ya ng'ombe inataka iliwe na moto wake.

Samaki? Naam. Kwa Zanzibar na Mombasa ambako kotlesi za samaki ni kazi ya kila siku, tumia mchanganyiko uleule, nguru au jodari aliyechemshwa na kuchambuliwa miiba, na viazi kidogo vya kushikiza. Badala ya seji weka kotmiri na ndimu. Hiyo haitakuwa Scotch egg ya mzee wa Kiingereza, lakini itaisha mapema kuliko zote mkekani.

Sisi ni Waislamu na tunaishi Leicester. Za dukani hatuzigusi. Kuna cha kubadilisha zaidi ya nyama?

Kidogo sana. Nunua kuku au bata mzinga kwa mchinjaji wa halali na umwombe akusagie mapaja bila ngozi. Angalia chupa ya haradali, maana baadhi za Kifaransa hutiwa mvinyo mweupe. Unga wa haradali uliokorogwa na maji na siki hauna swali hilo. Angalia na pakiti ya chenga ukinunua zilizo tayari. Yaliyobaki yote ni ya kawaida.

Kuku wangu anakuwa mkavu. Nifanyeje?

Hapa ndipo nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyama isiyo na mafuta inahitaji maji yaliyoshikwa mahali. Tufaha linaleta maji, oti zinayashika. Kwaruza tufaha juu ya bakuli lenye oti ili juisi idondokee humohumo, usiikamue. Iache dakika kumi hadi oti zilainike kabla ya kuweka nyama. Zukini au karoti iliyokwaruzwa hufanya kazi ileile, ila tufaha na seji ni wapenzi wa zamani jikoni mwa Waingereza na ladha inakaa mahali pake. Kitunguu ndicho cha kukamua, kwa nguvu, kwa kiganja. Maji ya kitunguu kibichi yakilala kwenye friji usiku mzima yanatoa ukali unaofunika kila kitu.

Kisha kanda. Tia chumvi kwenye nyama na uikande kama unavyokanda ya kababu, dakika mbili tatu, hadi ianze kunata vidoleni na kuvutika ikiinuliwa. Chumvi inatoa protini inayonata, na huo unato ndio unaoshika maji na kuzuia koti lisipasuke. Nyama iliyokorogwa tu kwa kijiko itaachia maji yake yote kwenye trei.

La mwisho, usiokee kwa kukisia. Dakika tano za ziada kwenye kifua cha kuku hazisamehewi.

Mume wangu anasema kuku na bata mzinga hazina ladha.

Mwambie ana haki, halafu ongeza viungo. Chakula kinacholiwa baridi kinataka viungo zaidi ya kile cha moto, kwa sababu ulimi hauonji sawasawa kitu kilichotoka friji. Kabla hujavisha yai hata moja, kaanga kitonge kidogo cha nyama kwenye kikaango, kiache kipoe kabisa, ndipo uonje. Ukionja kikiwa moto utasema kinatosha, na kesho bustanini kitakuwa bubu.

Haradali ni msaada mkubwa hapa, na kungumanga, kwa mkono mwepesi. Kama anataka ya kwetu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbuzi zinaingia vizuri na hazina kalori za kuogopa.

Mayai nichemshe dakika ngapi?

Inategemea unataka kiini gani na unakula lini. Kwa mayai ya wastani yanayotoka friji na kuingia kwenye maji yanayochemka:

Dakika 6, kiini cha majimaji kabla ya kuoka. Dakika 7, kiini kizito kama jemu. Dakika 9, kimeshikamana. Kumbuka kwamba yai litaingia tena kwenye moto kwa zaidi ya dakika 20, kwa hiyo lile la dakika 6 litatoka na kiini laini cha kung'aa, si cha kutiririka. Kile kiini cha kumwagika unachokiona kwenye baa za London kinapatikana kwa kukaanga haraka, dakika chache tu. Kwa oveni ni bahati nasibu na sikushauri ukihangaikie. Mayai yaliyokaa kabatini, si kwenye friji, yapunguzie nusu dakika hivi. Ya kienyeji ni madogo, yapunguzie na hayo, na yatahitaji nyama kidogo pia.

Yakitoka tu, yatumbukize kwenye maji ya barafu. Yanaacha kuiva, na ule mstari wa kijani unaozunguka kiini hautokei. Mstari ule ni salfa ya ute iliyokutana na chuma cha kiini kwa sababu ya moto mrefu. Hauna sumu, unaudhi macho tu.

Maganda yanatoka na nyama ya yai. Kuna siri?

Mayai yako ni mapya mno. Yai la leo asubuhi linang'ang'ania ganda. La wiki moja linaachia, kwa sababu ute wake umepoteza gesi na umepungua ukali wa asidi. Nunua mapema. Kisha yaanze kwenye maji yanayochemka, si ya baridi, yagongegonge pande zote na umenye ndani ya maji ukianzia kwenye kitako, palipo na mfuko wa hewa.

Likitoka na shimo, usilitupe. Litavishwa.

Nivishe vipi nyama bila kuchafua jikoni zima?

Gawa nyama matonge sita sawa, gramu 70 hivi kila moja pamoja na vilivyomo. Tandaza kipande cha nailoni ya kufunikia chakula juu ya meza, weka tonge, funika kwa kipande kingine, bonyeza kwa kiganja hadi ipatikane duara la upana wa kiganja chenyewe, vidole vikiwa nje. Lione likilingana, katikati pasiwe pazito kuliko kingo. Ondoa nailoni ya juu. Weka yai lililovingirishwa kwenye unga katikati, kisha kusanya pembe nne za nailoni ya chini na uzisokote juu kama unafunga kifurushi cha pilipili manga. Nyama inapanda yenyewe na kulikumbatia yai. Fungua, lowesha mikono, funga nyufa kwa kidole gumba.

Angalia kwenye ncha kali ya yai. Hapo ndipo nyama hupungua, na ndipo patakapopasuka.

Kwenye oveni chenga hazipati rangi. Zinabaki nyeupe kama chokaa.

Kwa sababu zilitegemea karai kuzipa rangi. Zipe rangi kabla. Weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango, tia chenga, koroga kwa moto wa wastani bila kuondoka hapo hadi ziwe rangi ya asali na zinukie mkate uliochomwa. Hamisha mara moja kwenye sahani pana, maana kikaango cha moto kitaziendeleza hadi ziungue. Ukipenda, tia paprika kidogo.

Kijiko kimoja kwa Scotch egg sita. Usiongeze mafuta mengine ya kupulizia juu, hayana kazi.

Eafraya, yaani mashine ya kukaanga kwa upepo wa moto, inafaa?

Inafaa sana, na kwa sita au chini ya hapo naiona bora kuliko oveni. Nyuzi 180, dakika 14 hadi 16, ukizigeuza katikati ya safari. Usizibananishe, upepo wa moto unatakiwa upite pande zote. Mashine hutofautiana, kwa hiyo ya kwanza ikate uitazame kabla ya kuamini dakika zangu.

Sina oveni wala eafraya. Nina jiko la mkaa.

Basi una oveni. Fanya kama unavyooka keki ya mkaa: sufuria nzito, kitako cha bati au mchanga kidogo ndani, Scotch egg kwenye sahani ya bati juu yake, funika, palia moto juu ya mfuniko na uache kidogo chini. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Dakika 25 hadi 30, na usifunue kila mara. Hii ni njia ya zamani na inatoa ganda zuri kuliko oveni nyingi za umeme za bei ndogo.

Kwa nini zinapasuka?

Yai lilikuwa na majimaji na hukulipaka unga. Au nyama haikukandwa. Au koti lina unene usiolingana. Au ziliingia kwenye moto bila kupumzika friji. Kwa kawaida ni mojawapo ya hayo manne, na mara nyingi ni la kwanza: yai linateleza, nyama haina pa kushika, mvuke unajikusanya katikati na kutafuta mlango. Ukipasuka mstari mdogo upande mmoja, ladha haijaharibika, geuza ule upande chini.

Nitajuaje nyama imeiva bila kuikata?

Kwa kipimajoto. Kidunge kwa ubavu, kikae ndani ya nyama, kisiguse yai. Kikisoma nyuzi 75 kwa nusu dakika, imeiva. Bila kipimajoto, kata moja. Kuku na bata mzinga hawana nafasi ya kuonyesha uwaridi. Hilo ndilo jambo moja ambalo nguruwe na ng'ombe wa kusaga nao hawapewi msamaha, hata kama mtu atakuambia anaipenda steki yake nyekundu.

Mjamzito na watoto wadogo je?

Kwa Uingereza, tangu Oktoba 2017 mamlaka ya usalama wa chakula inasema wajawazito, watoto na wazee wanaweza kula kiini laini, almradi mayai yana mhuri wa simba mwekundu, yaani yanatoka kwenye mpango ambao kuku wake huchanjwa dhidi ya salmonela. Kabla ya hapo walishauriwa wasile. Yasiyo na mhuri, na mayai ya nyumbani kwetu Afrika Mashariki, chemsha dakika 9 au 10 na kiini kishikamane kabisa. Mtu mwenye kinga dhaifu sana asikilize daktari wake.

Mtoto mdogo mkatie vipande, na nyama ya kwake isitiwe chumvi. Kuna yai, ngano na haradali humu, vyote vitatu vinaleta mzio kwa baadhi ya watu, kwa hiyo waambie wageni kabla hawajauma.

Naweza kuacha nyama kabisa?

Unaweza. Adesi zilizopikwa zikakauka, zikapondwa na kiazi kitamu cha kuoka, bizari na kotmiri, zinashika vizuri. Zisiwe na maji hata kidogo. Viazi ulaya vilivyopondwa, kama wafanyavyo Waganda, ni rahisi zaidi kuvisha ila havina protini ya kukufikisha jioni. Kwa kuwa kila kitu kimeshaiva, unaoka dakika 15 tu za kupasha na kukausha ganda.

Mayai ya kwale?

Ni njia nzuri ya kupunguza ukubwa bila kupunguza raha. Baa za Uingereza huziuza kama vitafunio vya mezani, na Kenya, iliyowahi kushikwa na wazimu wa mayai ya kwale, haihitaji kufundishwa mahali pa kuyapata. Chemsha dakika 2 na nusu. Gramu 350 za nyama zinavisha kumi na nne hivi. Oka dakika 14. Onyo: kumenya mayai ya kwale ni kazi ya mtu mwenye subira, au mwenye wapwa.

Zikae muda gani nje kwenye pikiniki?

Zipoe kabisa kwanza, zilale friji, zisafiri kwenye kikapu chenye vipande vya barafu. Biashara za Uingereza zinaruhusiwa kuweka chakula baridi nje ya ubaridi kwa saa 4 mara moja tu, na mimi nachukulia hizo kama ukomo wa juu kwa siku ya kawaida ya huko. Kwa joto la Mombasa, Dar es Salaam au Muscat hesabu nyingine: Wamarekani wanashauri saa 2, na saa 1 tu joto likivuka nyuzi 32. Kwa hiyo ufukweni zitoke kwenye barafu wakati wa kuliwa, si wakati wa kupanga picha.

Zifunge kwenye karatasi ya kuokea, si nailoni. Nailoni inafungia unyevu na ganda linalegea.

Nikizitengeneza Alhamisi zitafika Jumapili?

Kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini, siku tatu ni sawa, na ya siku ya pili ina ladha kuliko ya siku ya kwanza. Friza usijaribu: ute wa yai uliogandishwa unakuwa mpira unaotoa maji. Unachoweza kugandisha ni nyama iliyokwisha kutiwa viungo, ikiwa mbichi.

Ziliwe na nini?

Haradali kali, achari, nyanya, majani ya saladi. Kachumbari inafanya kazi kuliko wengi wa Waingereza wanavyojua, kwa sababu siki au ndimu inakata uzito wa kiini. Mayonezi itarudisha mafuta yote uliyohangaika kuyaondoa. Ukitaka kitu cheupe na laini, changanya mtindi mzito na haradali na ndimu.

Na zile soseji rolo, naweza kuzipunguza vilevile?

Nyama yake ndiyo hiihii, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaifanya. Shida ni unga wake wa matabaka, ambao ni siagi kwa sehemu kubwa, na hapo hakuna ujanja wa maana zaidi ya kuukata mwembamba. Kama unahesabu mafuta kwa dhati, Scotch egg ya oveni itazishinda kirahisi.

Nyama imebaki baada ya mayai kwisha.

Finyanga vitonge vidogo, vipake chenga zilizobaki, oka pamoja na zile nyingine dakika 15. Watoto huvimaliza kabla kikapu hakijafungwa.